Nusu tu ya Kazi ya Mwalimu Okeyo

Jumapili, mtaani Mamboleo. Mvua imeshika tangu alfajiri, na nina hasira hadi chai imepoa mbele yangu.

Jana tulimzika Mwalimu Okeyo kwao, Awasi. Ndiye aliyenifundisha fizikia chuoni, na ndiye sababu nami leo nafundisha. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwa swali moja: mbona nyutrino, zile chembe zinazotupenya kwa mabilioni kila sekunde bila sisi kuhisi, ni nyepesi kiasi hicho?

Kijitabu cha mazishi kilisema alikuwa mzee wa kanisa na alipenda ng'ombe. Kuhusu kazi yake, hata mstari mmoja hakuna! Nikalalamika kwa familia, wakanipa dakika tano nizungumze.

Nikaeleza kwamba nyutrino ni nyepesi kuliko elektroni mara milioni na zaidi, kwamba ni kama haina uzito kabisa. Watu wakatulia. Sasa ndiyo nilikuwa naingia kwenye jibu: kwamba huenda kila nyutrino ina mwenzake mzito ajabu, na wawili hao wamekaa ncha mbili za ubao mmoja kama watoto wanaobembea. Mzito akishuka, mwepesi anapaa. Kadiri yule anavyozidi uzito, ndivyo huyu anavyozidi wepesi. Hesabu za wazo hilo ndizo zilizokuwa kazi ya Mwalimu.

Sikufika huko.

“Madam, asante sana,” mwendesha programu akasema. “Mheshimiwa ameingia, na ako na mazishi ingine tatu. Tumpatie nafasi.”

Mheshimiwa akashika maikrofoni, akatabasamu. “Mwalimu wetu alikuwa mtu wa maana sana, hata kama alisomea kitu haina kilo!”

Hema zote zikaangua kicheko. Kisha akaongea kuhusu barabara na kura mpaka jua likatuchoma. Mtu amelala kwenye jeneza, kazi yake yote imegeuzwa mzaha, na watu wanapiga makofi. Mjane wake, Mama Achieng', aliinamisha kichwa. Hilo sitalisamehe.

Baada ya maziko nilimfuata nyumbani kwake, nikamsimulia nusu iliyobaki. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Huyo mzito, wameshamwona?”

“Bado, Mama. Kuna wataalamu wanasema hayuko, wako na maelezo yao. Inaweza kuwa Mwalimu alikosea. Lakini hata akikosea, hiyo haikuwa kazi ya bure.”

“Miaka yote hiyo nilikuwa nampelekea chai kwa meza, sikujua anatafuta nini. Sasa nyathina, mtoto wangu, mbona hukuwaambia watu hivyo?”

“Walichukua maikrofoni, Mama.”

“Si wewe ni mwalimu?”

Leo nimeamka nikimtukana Mheshimiwa, nikamtukana na yule mwendesha programu, na bado moyo haujatua.

Kwa sababu nafundisha wanafunzi sitini bila maikrofoni, na wa nyuma kabisa wananisikia.

Na kusema kweli, hakuna aliyeninyang'anya kitu. Mwendesha programu alinyoosha mkono tu. Mimi mwenyewe nilimpa maikrofoni, nikasema asante, kisha nikasogeza kiti changu ili Mheshimiwa apite.