Aliyeipinda Barabara

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima, goti tu ndilo lina maneno yake. Anayeniandikia ni jirani yetu fundi cherehani, nimemwambia asinipunguzie hata neno. Amenisomea ile sura uliyonitumia ya kitabu unachoandika, kuhusu mtaa wetu. Umeandika vizuri, mpaka bati bovu la kinyozi umelitaja, mwenyewe kavimba kichwa kweli. Lakini ile kona, mama wee! Eti mpimaji wa manispaa aliipinda barabara ili nyumba zipate upepo? Upepo gani? Barabara ilikuwa inyooke, ipite juu ya bomba letu sisi wafua nguo. Tungefulia wapi? Akapigilia vigingi, tukang'oa. Akapigilia tena, tukang'oa tena, tukaanika mashuka palepale, akawa haoni mbele wala nyuma. Siku ya nne kachoka, kazunguka. Huo ndio upepo wako.

Kula vizuri, umekonda.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo mama,

Goti linaendeleaje? Mama, miaka ishirini nasoma historia ya miji, mbona hukuwahi kuniambia? Nilikuta kona kwenye ramani, nikaitafutia sababu ya kitaalamu. Kitabu kilikuwa kiende kwa wapiga chapa Jumatatu, na ndicho wakubwa wa chuo wanachokisubiri ili wanipe uprofesa. Nimekizuia. Mkuu wa idara kasema, "Basi, mwaka mwingine huo." Nitangoja. Ila wenzangu hawatakubali "wafua nguo" tu. Watauliza, nani aling'oa kigingi cha kwanza? Najua ni wewe. Kiri tu niandike.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Za siku? Usidhani naumwa, nilikuwa sitaki kujibu. Mbona sikukuambia? Na wewe mbona hukuniuliza? Unapita hapa na makaratasi kwapani, nakukaribisha chai, una haraka. Haya, hilo limekwisha.

La kigingi sasa. Nilisema moyoni, mwache aandike ni mimi, nani atabisha? Wenzangu wote wametangulia. Fundi akaniambia, "Bibi, mwanao kaacha uprofesa mwaka mzima kwa ajili ya ukweli." Akanichoma, na si kwa sindano.

Si mimi. Ni bibi yako, mama yake baba yako, yule ninayemsema kila siku kwamba hakuwa na dogo. Aliweka beseni chini, akakichomoa kigingi, akampa mpimaji mkononi: "Umeangusha, baba." Mimi nilikuwa nyuma yake, nimekumbatia beseni langu. Nimeuchukia mdomo wake miaka arobaini, kumbe mdomo huohuo ndio uliotubakizia maji. Mwandike yeye.

Mama yako

30 Aprili, mwaka mwingine

Profesa wangu,

Hongera, na pole kwa kungoja. Kitabu kimefika, na barua yako ndani yake. Fundi kanisomea ukurasa wa bibi yako mara tatu, mara ya tatu nikamwambia asome taratibu maana nilikuwa namsikia mama mkwe anavyosema. Halafu ukaandika kwamba mkwewe alikuwa nyuma yake na ndiye aliyesimulia. Sawa kabisa. Nyuma ndipo nilipokuwa.

Tumeendelea mbele. Ile sura ya soko, ulipoandika ukuta ulijengwa kuzuia wezi, fundi kaacha kusoma kaniangalia. Wezi gani? Nikamwambia andika upesi: njoo Jumamosi, na uje na daftari kubwa.

Mama yako