Neno Alilopewa Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi. Makazi: nyumba za nyuma ya kituo cha watoto.

Hili sijamwambia mtu yeyote: mdogo wangu alishawahi kusema. Neno moja tu, na hakuambiwa binadamu.

Nimeomba kuandika kwa sababu nikiulizwa sauti hunikwama. Shuleni tunaandika lugha nyingine, lakini haya siyawezi kwa lugha ya shule.

Mdogo wangu ana miaka sita. Kila Jumatano mimi na mama humpeleka kituoni, ambako watoto wasiosema huketi na mbwa aliyefunzwa. Tulimwita Shangazi, maana mgeni hakupita getini bila kukaguliwa naye. Mlinzi alikuwa akimtania, "Shangazi, mwache mtu apumue!"

Mnamo Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri, mtaalamu anayewasimamia alitoka kupokea simu. Mdogo wangu aliegemeza shavu shingoni mwa Shangazi, akasema, "Mama." Akarudia, taratibu.

Niligeuka kwa furaha. Mama alikuwa mlangoni na sweta la mtoto mkononi. Akaitika, "Abee, mwanangu."

Mtoto hakugeuka.

Njiani mama alisema hili tu: "Miaka sita namlisha kwa mkono huu."

Alhamisi asubuhi nilimkuta jikoni akikata maini. Nikauliza, "Leo tuna mgeni?"

"Vaa viatu, utachelewa."

Niliporudi tulikula maharage. Shangazi alikuwa ameshakufa kwa sumu, na mlinzi amekamatwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimlisha. Polisi walimpitisha mbele ya dirisha letu akilia, "Mimi? Mimi nimuue Shangazi?"

Sikumwona mama akitega sumu. Niliona maini, na kopo la dawa ya panya halipo tena juu ya kabati.

Mama si mtu mbaya. Hamkuuona uso wake alipoitika. Lakini mlinzi hana kosa.

Mama alitoka hapa polisi kumnunulia mdogo wangu maji. Sasa nasikia kandambili zake koridoni zikija mlangoni. Mpaka hapa nilikuwa nimeifunika karatasi kwa mkono. Nimeuondoa.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina mengine.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maoni ya afisa: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu. Mama mzazi, aliyekuja kama mlezi wake, ameyasoma yote akiwa amesimama. Hakukanusha. Alimuuliza shahidi jambo moja: "Tangu siku ile, hata kwako hajalisema tena neno lile?" Shahidi alitikisa kichwa kuashiria hapana. Mama akaketi.