Kaka Mtu wa Filamu ya Jumapili

Nyakato, Mwanza
14 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Teodora,

Marahaba. Najua hujaniamkia, maana barua yako ya mwisho ni ya Pasaka ya mwaka juzi, lakini naitikia hivyo hivyo. Huenda shikamoo yako imekwama melini huko Nansio. Hujambo? Zahanati inaendeleaje, na ule mgongo wako? Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi hili la kiangazi. Vitabu vimejaa kitandani upande wa ukutani, na hakuna wa kulalamika.

Labda umesikia kwamba kiwanda kimetupunguza. Gazeti la wafanyakazi nililolihariri limekufa, nami nimebaki na hasira isiyo na pa kwenda. Basi nimeipeleka sinema. Usicheke. Kila Jumapili baada ya misa ya pili naingia banda la video la hapa mtaani, nakaa benchi la mbele na daftari langu. Kanda mpya huletwa na Jayant, yule aliyekuwa akituuzia vitabu zamani. Anasema huko zinakotoka ni msimu wa likizo, na mtu akiwa likizoni hataki kufikiri. Nilimjibu kwamba hapa kwetu siku hizi tuko likizoni mwaka mzima. Akanikatia tiketi.

Nimeona vichekesho vitatu vya Kimarekani. Katika kimoja tajiri anapotelewa na mbwa, na mji mzima unamtafuta. Nusu ya watazamaji hawana kazi, lakini mbwa alipopatikana walishangilia mpaka benchi likavunjika. Nilipeleka barua gazeti la hapa mjini kwamba ni aibu wenye njaa kumlilia mbwa aliyeshiba. Katika kingine bwana harusi anaangukia keki. Hadithi yote ndiyo hiyo: anaanguka. Filamu za mapenzi ni mbaya zaidi. Wawili wanagongana mlangoni, vitabu vyao vinamwagika, tayari wanapendana. Mimi nimebeba vitabu miaka thelathini na nimegongana na watu wengi, Teodora. Hakuna aliyewahi kuniokotea hata kimoja.

Hata hivyo narudi kila wiki. Kwa saa tatu nakaa bega kwa bega na watu.

Lugha za kanda hizo wengi hatuzijui, kwa hiyo yupo Mihayo, fundi viatu, baba wa watoto sita. Husimama kando ya televisheni na kipaza sauti akitufasiria, na asichokielewa hukitunga. Jana ilikuwa filamu mpya ya Kihindi. Binti anampenda muuza vitambaa, na kaka mtu hataki kabisa. Kila kaka mtu alipotokea, banda zima lilimzomea. Ndipo Mihayo akampa sauti yangu. Kikohozi changu, kidole changu hewani, maneno yangu ya gazetini: huyu mchumba ni mlanguzi, ni kupe wa uchumi, hataoa katika nyumba hii!

Watu walicheka wakinigeukia. Mama mmoja nyuma yangu, maana hapa mtaani huniita Mwalimu kwa ajili ya daftari langu, akapaza sauti, “Mwalimu, mwache mtoto wa watu aolewe!” Mwingine akauliza kama hata harusi ninazihariri.

Nilisimama niwajibu. Unanijua, sijawahi kukosa jibu. Jana nilichukua daftari langu, nikatoka nje filamu ikiendelea. Mihayo alikuwa akinitania tu kwa makala zangu. Hakujua kwamba maneno hayo niliwahi kuyaandika kwa mtu mmoja, mwaka 1983.

Teodora, yule Josephat uliyempenda hakuhamia Kenya bila kukuaga. Alileta barua ya posa. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mshenga aliikabidhi kwangu, niisome mbele ya baba wadogo, nawe uulizwe. Sikumsomea mtu. Mwaka ule serikali ilikuwa ikiwasaka walanguzi, na yeye alikuwa akivusha sabuni na vitenge kutoka mpakani Sirari. Nikajibu kwa jina la ukoo kwamba umemkataa, na kwamba ulimwita kupe. Neno hilo lilikuwa langu, nilikuvisha wewe. Kisha nikakuambia amehama, nikakuangalia ukingoja.

Leo nchi nzima inafanya biashara aliyokuwa akiifanya, kwa leseni. Sabuni ninayoogea imepita Sirari. Yeye ana duka hapa hapa Mwanza, Buhongwa, ana mke na watoto wanne, na anaponiona njiani hunisalimu kwa heshima. Sina cha kukurudishia. Nimeiweka barua yake ndani ya bahasha hii. Niliitunza, sijui kwa nini. Labda mhariri hachomi karatasi.

Asubuhi nilimkuta Mihayo na viatu vyake, nikamwuliza filamu iliishaje. Akasema mwishoni kaka mtu analia, anaishika mikono ya wale wawili na kuiunganisha, na kwamba banda zima lilisimama likampigia makofi. Akaniuliza kwa nini sikungoja.

Nisalimie wauguzi wenzako, na mama mwenye nyumba wako. Usipojibu nitaelewa. Ukijibu kwa matusi, nitayasoma yote bila kusahihisha hata nukta.

Ni mimi, mtoto wa mama yako,
Masele