Mwalimu, Siku Ile Niliyokusahihisha Mbele ya Wachina

Mwalimu,

Ni mimi Nkatha, msaidizi wako. Naogopa, ndiyo maana nakuandikia. Tangu tulipokuzika Ngaremara, darasa la Wachina wanaojenga barabara limebaki mikononi mwangu, katika chumba chetu kile kile cha Kiwanjani. Ijumaa msimamizi wao anakuja kuwapima Kiingereza. Atakayeshindwa atarudishwa kwao. Wako sita, na wote wananitazama mimi.

Nimewafundisha "pick up" mara tatu. Nimeandika ubaoni: kuokota kitu, kumchukua mtu kwa gari, kujifunza lugha kidogo kidogo kwa kuisikia. Nauliza, mmeelewa? Wote wanatikisa vichwa kukubali, kisha wanaandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikiwaambia watunge sentensi, kimya. Hakuna anayeuliza kitu.

Wewe walikuwa wanakukatiza ovyo! Unakumbuka ulivyomwita Zhou, yule mzee anayeendesha greda, ukambeba mgongoni ukazunguka naye darasani, ukisema dereva akienda ku-"pick up" injinia uwanja wa ndege humbeba hivyo? Mimi huyo, na cheti changu kipya, nikasimama: "Si hivyo, Mwalimu. Ni kumchukua kwa gari." Wote wakainamia daftari zao. Ukamteremsha Zhou polepole, ukasema, "Asante, mwanangu," ukakaa. Nilidhani umezeeka, umeanza kuchanganya mambo. Nilikuonea huruma, Mungu anisamehe. Wiki iliyofuata presha ikakuchukua.

Jana Zhou alibaki baada ya kipindi. Kwa Kiswahili chake cha kazini akaniambia: "Mwalimu mzee kosea makusudi. Sisi hapana uliza mwalimu, hiyo ni aibisha yeye. Yeye kosea kwanza, sisi cheka, sisi sahihisha. Mdomo nafunguka." Halafu akaniambia kwamba siku ile mikono ilikuwa imeshaanza kuinuka. Ya watu wanne. Nikawatangulia.

Usiku sikulala kwa sababu ya hayo. Si ungeniambia! Au ulingoja nigundue mwenyewe, ukidhani muda upo?

Sasa kesho ni zamu yangu, na hilo linanitisha kuliko huyo msimamizi. Wewe walijua kwamba unalijua jibu sahihi. Mimi je, nikikosea nao wakanakili kosa langu daftarini kama lilivyo, waende nalo Ijumaa? Zhou akirudishwa kwao kwa ajili yangu, nitamwangalia vipi?

Pumzika, Mwalimu wangu. Nisamehe kwa kukukalisha chini. Nakuahidi kesho nitakosea mbele yao waziwazi, niweke chaki mezani, ninyamaze. Sitasema neno hadi mmoja wao ainue mkono.

Msaidizi wako,
Nkatha