Mjomba Wangu Ananiita Bwana

Mpendwa mshauri, Mama Felista, naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke wala usinitukane kabla hujafika mwisho, maana barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, na hata sasa ninavyoandika natazama mlangoni kama mwizi.

Mimi ni mkulima wa korosho huku Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, na ni balozi wa nyumba kumi, na unajua kwamba watu wa ng'ambo wanaokimbia vita vya Mreno wakivuka huja kwanza kwetu sisi mabalozi, nasi kazi yetu ni kuwapeleka ofisini waandikishwe ukimbizi, kisha serikali iwapeleke kwenye makazi yao huko bara, mbali na mpaka, wapewe majembe na mashamba. Kazi hiyo nimewafanyia wengi, na kwenye mikutano mimi ndiye ninayepaza sauti kuliko wote, nasema anayeficha mgeni anavunja utaratibu, anayemtumikisha mgeni ni kupe, na watu wananipigia makofi.

Sasa mwaka jana alivuka mjomba wangu Mathayo, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Mama alikuwa mtu wa ng'ambo, akaolewa huku akasilimu, baba alipofariki nikapelekwa kwa mjomba huko huko ng'ambo, akanilea, akanipeleka jandoni, na kwetu sisi Wamakonde mjomba ndiye baba hasa. Alifika peke yake, nguo zimemgandia kwa matope, kijiji chao kimechomwa moto, na katika kukimbia akapotezana na mkewe Veronika. Nikamweka kwenye kibanda cha shambani, mbali na kijiji, na wallahi siku zile nilimficha kwa mapenzi, nilisema apumzike kwanza, nikimpeleka ofisini leo, kesho watampandisha lori nisimwone tena. Lakini alipopata nguvu akashika jembe mwenyewe, akasema hawezi kula bure, akapalilia, akafyeka, mikorosho iliyokuwa imeshindwa na majani ikapendeza, na mimi nikazoea, Mama, nikazoea kuamka jua limepanda huku najua kuna mtu yuko shambani.

Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, nipeleke kwa wakubwa nikajiandikishe kama wenzangu, labda huko nitasikia habari za mke wangu." Nikamjibu, mjomba umechelewa, walioandikishwa ni wale wa mwanzo, wewe uliyekaa kimya muda wote huu ukijitokeza watakurudisha kwa Mreno. Uongo mtupu! Niliutunga pale pale nikiwa na kata ya maji mkononi, nikanywa maji yangu. Mzee wa watu akaamini, maana mimi ndiye balozi, nani ajue mambo ya serikali kunizidi?

Tangu hapo akawa anaogopa hata kengele ya baiskeli. Siku moja bwana shamba akapita kukagua mikorosho, akauliza huyu nani, nikajibu ni kibarua wangu kutoka Newala, na mjomba wangu, yule aliyenishika mkono jandoni, akavua kofia, akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, mimi kibarua wa bwana." Bwana shamba akaenda zake, lakini mjomba mpaka leo ananiita bwana hata tukiwa wawili tu, anasema anazoea asije akakosea mbele ya watu, nami sijawahi kumkataza.

Lililonifanya nikuandikie ni hili, juzi nilikwenda Mtwara mjini, pale Chikongola nikakutana na Salumu, utingo wa lori linalopeleka unga kwenye makazi ya wakimbizi, akanisimulia kuna mama huko anaitwa Veronika, kila lori likifika anakimbilia kuuliza kama yupo anayemjua mumewe Mathayo, mchonga vinyago aliyekatika kidole gumba, nikajua hakuna mwingine. Wenzake wanamwambia mumewe alifia mtoni, na sasa wamemshauri amwekee matanga, anyolewe nywele, yaishe. Nilirudi nyumbani mbio ili nimwambie mjomba, wallahi nilirudi kwa nia hiyo. Nikamkuta anafagia chini ya mikorosho, korosho za kwanza zimeanza kuanguka, na mwaka huu zimekubali kuliko miaka yote, akaegemea ufagio akaniuliza kama anavyoniuliza kila jioni, "Bwana, umesikia habari zozote za ng'ambo?" Nikamwambia bado, mjomba.

Salma, mke wangu, anajua kwamba ni mjomba na anampelekea chakula, lakini habari ya Veronika haijui. Naona haya kumtazama, naona haya msikitini, na mkutanoni siku hizi naketi nyuma, nawaachia wengine waseme. Je, itakuwa vibaya sana nikisubiri korosho ziokotwe kwanza, halafu nimwambie ndiyo kwanza nimesikia leo? Na nikisema ukweli wote, watanivua ubalozi? Nisaidie, nateketea.

Mwenye Haya, Mahurunga

MAMA FELISTA ANAJIBU

Mwenye Haya, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sikucheka. Kukutukana nitakutukana kidogo, uvumilie.

Nianze na lililo jema, kwa kuwa lipo. Kumpa mjomba wako pa kulala siku ile halikuwa kosa la moyo. Ndugu yako yuko mlangoni amelowa matope, nawe unaambiwa umpeleke ofisini apandishwe lori, nani asiyesita? Utaratibu huo una uchungu wake na sitajifanya hauna. Lakini aliyeandikishwa anaweza kudai shamba, anaweza kudai dawa, na jamaa zake wakimtafuta wanamwona. Aliyefichwa hana lolote ila huruma ya anayemficha. Na huruma yako, baba, iliisha lini? Iliisha ulipozoea kulala mpaka jua limepanda.

Unawaita wenzako kupe! Mreno amemfukuza mzee huyu kwenye shamba lake, wewe umemtumikisha kwenye lako, tena bila bunduki. Na hebu rudia maswali uliyoniuliza. Moja la korosho, moja la ubalozi. La Veronika liko wapi? Mama wa watu anakaribia kunyolewa nywele kwa ajili ya mume aliye hai anayefagia chini ya mikorosho yako, nawe unataka nikuruhusu umalize mavuno! Loo, huna hata soni. Ama unayo, maana umeandika, na kwa hiyo tu ndiyo sijaitupa barua yako.

Sasa sikiliza. Hapana, usimwambie umesikia leo. Ukisema hivyo mzee atakushukuru, atakuombea dua, atakwambia ahsante bwana, na wewe utaipokea ahsante hiyo. Itakukaa kooni mpaka unaingia kaburini.

Ukimaliza kusoma, acha gazeti hapo hapo uende shambani. Salma mweleze njiani na ufuatane naye, kwa sababu nakuona, ukiwa peke yako utapata kisingizio kingine. Mwambie mjomba yote, pamoja na ule uongo wa kurudishwa kwa Mreno, asije akaingia ofisini anatetemeka. Kukicha nenda naye, utangulie wewe kuingia, useme kwa mdomo wako kwamba yeye alitaka kujiandikisha tangu zamani ukamzuia. Kama kuna adhabu iwe yako. Mtafute Salumu, lori lake likitangulia apeleke salamu kwa yule mama, asinyoe. Korosho mtaokota wewe na mkeo, migongo iume, na fungu la mzee utalipeleka wewe mwenyewe huko makazini, usimtume mtu.

Ubalozi uupeleke mbele ya hizo nyumba kumi, uwaeleze, waamue wao. Wakikuvua, kalime. Sijasikia mtu aliyekufa kwa kuvuliwa ubalozi.

Na jambo moja zaidi, maana nawajua ninyi watu wenye haya. Utafika shambani utapiga magoti, utalia, utaeleza ulivyoanza kwa nia njema, na mzee, kwa kuwa ndiye aliyekulea, atasahau yake yote aanze kukubembeleza wewe. Usimfanyie hivyo. Simama wima, mpokee ule ufagio, na neno la kwanza kukutoka liwe hili: "Mjomba, Veronika yu hai, anakutafuta." Kisha nyamaza, umwache alie yeye kwanza.