Ule Muntu wa Lukafu

Siku ya ine, 5 mars 1953

Kazi mupya! Père Godefroid, padri wetu, alinitoa mu darasa yenye ninafundisha: kila siku ya ine nitaelezea batoto filme mu salle ya mission. Yeye anasema français, miye nageuza mu Kiswahili. Saa kenda ya muchana, madirisha yamefunikwa na mablangeti, batoto zaidi ya mia mbili banaikala chini.

Filme ni ya swala mudogo. Mama yake anaingia mu mutego ya muntu wa kijiji — mweusi sawa siye, nguo imepasuka. Mama anakufa, mutoto anabaki peke yake. Batoto bote: "Mubaya! Mubaya!" Mwisho garde wa pori anafunga ule muntu kamba. Père akasema: protégeons les animaux! Nikageuza: "Tuchunge nyama!" Salle yote ikacheka. Mumoja akaita: "Ndiyo, monitrice, tuichunge na chumvi!" Père akauliza banacheka nini. Nikamwambia kwetu nyama ya pori na nyama ya mu chungu iko neno moja tu. Akasema nitafute lingine. Lingine gani?

Mutoto wangu Clotilde hakucheka. Miaka sita. Alilia mupaka nyumbani.

Siku ya posho (samedi), 7 mars

Clotilde anakatala nyama kavu yenye baba yangu alitutumia toka Lukafu. "Ilikuwa na mama yake." Bwana yangu Faustin alicheka sana: basi utakula majani ya sombe tu mupaka uolewe!

Yeye iko na furaha siku hizi. Siku ya posho inayokuja, 14 mars, commission ya bazungu itakuja kuangalia nyumba yetu. Bakiona tunaishi sawa bantu ba civilisation, batamupa ile carte ya heshima anangoja tangu miaka mitatu. Rideaux za madirisha nimezifua mara mbili. Anasema bado.

Siku ya pili, 10 mars

Chola, mudogo wangu wa kiume, alifika na camion toka Lukafu, vumbi mupaka mu masikio. Hata maji hakunywa.

"Yaya, dada yangu, balikamata baba."

Kiboko ilitoka mu muto Lufira, ikaingia mu mahindi. Siku ine mufululizo. Baba alipiga ngoma, aliwasha moto, alienda ku poste ya serikali mara mbili kuomba garde aje na bunduki. Balimwambia: ngoja. Alingoja. Kisha akachimba shimo, kiboko ikaanguka, akaimaliza na mukuki. Kesho yake tu garde alikuja! Na kamba. Miezi mbili ya kifungo mu buloko.

"Na fimbo?" nikauliza.

Chola aliangalia chini.

Baba iko na miaka zaidi ya makumi sita. Mugongo wake wenyewe unamuuma wakati ya baridi.

Siku ya tatu, 11 mars

Asubuhi Faustin, polepole, kwa heshima: "Enda kwa Père, ndiyo. Lakini usiseme ni baba yako. Siku tatu tu, Madeleine! Commission ikipita, tutasema yote." Hata yeye macho yalikuwa mekundu. Siwezi kumuchukia.

Nilienda. Père Godefroid anatundika kofia yake ku pembe za mbogo, pale ku ukuta. Nilisimama mbele ya meza. Nilisema: mon Père, kuko muzee mumoja kule Lukafu, kiboko ilimumalizia shamba, akachimba shimo, sasa balimufunga… Nilikuwa bado kufika ku neno ya kuomba.

Akaweka kalamu. "Lukafu? Mwezi huu?" Uso ukaangaza. Eti Mungu njo alinituma! Batoto banafikiri filme ni uongo, ni mambo ya mu kitambaa ya filme tu. Sasa tuko na mufano ya kweli. Kesho miye nitausimulia kwa batoto.

Hapa njo ilikuwa nafasi ya kusema. Hapa!

Nilijibu: "Oui, mon Père."

Siku ya ine, 12 mars

Alisimamisha filme pale pa mutego. Akaniita mbele. "Madeleine, l'homme de Lukafu."

Nilisema. Mahindi, nilisema pia — ngoma, moto, "ngoja" ya ku poste. Lakini nyuma yangu ku kitambaa kulikuwa ule muntu wa filme na mutego yake, na batoto banaangalia yeye, hapana miye. Mbele ya kumaliza: "Mubaya!" Batoto mia mbili. Clotilde mu mustari ya kwanza, amesimama, ngumi juu. Sauti yake ninaijua kati ya zote. Père akanipiga begani: très bien.

Sasa jua linataka kushuka. Chola anafunga muzigo, camion ya kesho inaondoka mapema. Faustin anapangua sahani mu kabati, anazipanga tena. Clotilde amekuja na karatasi ya masomo, amechora nyumba, nkambo yake, ni baba yangu, na jembe, na mbali kabisa muntu mweusi mwenye meno makubwa.

"Mujomba Chola, peleka hii kwa nkambo. Umwambie ajichunge na ule muntu. Iko kwao, Lukafu. Nkambo iko muzee, hataweza kukimbia."

Chola ameshika karatasi kwa mikono mbili. Ananiangalia miye. Faustin vilevile, na sahani mukononi.

"Mama," mutoto anasema, "mbona hasemi ndiyo?"

Niko naandika ili nisiinue kichwa. Amekuja karibu. Ameweka mukono ku kalamu yangu.