Hakuna Mtu Atakata Barua Yako

Baba Zubeda,

Hii ni mkono yangu, usicheke. Darasa la pili tu, unajua.

Jana niligombana na kompyuta. Nimeshinda.

Unakumbuka Kimaka, kambi yetu pale Jinja? Ulikuwa mtu wa redio ya jeshi. Kila ujumbe ulifunga na "mwisho", na hiyo neno ukaileta mpaka nyumbani. "Chai haina sukari. Mwisho." Mi nakujibu, "Mwisho ya nini, afande? Mi sijamaliza." Unacheka mpaka chai inamwagika. Hata kule soko ya Wanyange, mama wa samaki alikuzoea. Ukitaja bei yako tu, anakurudishia: "Mwisho na wewe!"

Halafu vita ikafika. Ukatuma barua na dereva wa lori. Karatasi moja. Jambo moja, na chini yake MWISHO, peke yake. Jambo ingine, MWISHO. Mke wako mwenyewe uliniandikia kama redio.

Ulisema niondoke Jinja, nikaondoka, nikaja Mbale. Baadaye mwenzako alikuja, akasema walikuzika njiani. Hajui wapi. Basi kaburi yako ni hiyo karatasi. Sasa imechoka. Panya wamekula pembe, mikunjo inakatika.

Mi bado nachambua kahawa kwa stoo. Zubeda anafundisha kompyuta, mvi ameshaota. Yeye na fundi mwenzake, Masaba, wanatengeneza programu ya kuonyesha barua za watu wetu waliopotea vita ile. Ijumaa baada ya swala watu wataziona kwa ukuta, kama sinema.

Zubeda alinieleza. Ukitaka kuweka maneno ya mistari mingi, kwanza unaambia kompyuta neno ya kufunga. Inachukua kila mstari vile ulivyo, mpaka ikute hiyo neno iko peke yake. Hapo inafunga. Na yeye alichagua neno gani? MWISHO. Mtoto wako kabisa.

Alipoingiza barua yako, kompyuta ikaonyesha jambo yako ya kwanza, ikakuta MWISHO yako, ikafunga. Maneno iliyobaki ikadhani ni amri yake. "Usiuze cherehani." Ikajibu: amri haijulikani. "Zubeda asome." Haijulikani.

Nikasema, "Haijulikani kwa nani? Mi niliijua."

Masaba akasema, "Mama, tufute hizo MWISHO. Au tubane yote kwa mstari moja. Maana itabaki."

"Bwana fundi, we ulimjua?"

"Hapana, mama."

"Basi usiguse. Badilisha neno yako, si yake."

"Lakini mama, watu hawatajua tumetoa."

"Mi nitajua."

Akamtazama Zubeda. Zubeda akamwambia, "Usinitazame mimi. Huyo ndiye alinilea."

Cherehani niliuza, afande. Nilivunja amri moja ndio nifuate ingine. Mtoto amesoma. Ukitaka kunifunga, nifunge.

Tukatafuta neno ambayo haiko kwa barua yako. Nilisoma na kidole, mstari kwa mstari. Salamu iko. Mungu yuko. Jina langu liko mara mbili. Halafu nikaona kitu ambayo miaka yote sikuona. Hukuandika kwaheri. Hakuna mahali.

Zubeda akaambia kompyuta neno mpya ya kufunga, KWAHERI, akaiandika pale chini, akabonyeza. Ukatoka mzima. Kila mstari mahali pake, MWISHO zako zote tatu, mpaka chini kabisa pale uliposema, "Nakuja."

Zubeda akafuta macho na kitambaa chake.

Nikauliza, "Na KWAHERI iko wapi? Siioni."

"Hiyo ni ya kufunga tu, mama. Kompyuta inaijua, lakini haiandiki kwa ukuta. Watu hawataiona."

Vizuri. Isionekane.

Ijumaa nitakaa mbele kabisa. Mtu akisema barua ni ndefu, wakate, atanipata hapo.

Na mimi sikuandikii hiyo neno ya kufunga. Mi sijamaliza.

Mke wako,
Mama Zubeda